Nilivyoupeleka Msafara wa Mahari Ukutani

Aibu hii ni yangu mwenyewe, na afadhali muisikie kwangu kabla hamjakutana na shangazi yangu Mwamini, maana yeye akiisimulia huongeza chumvi, wakati ilivyo tu inatosha kunikosesha heshima mtaani kwetu Buyenzi nzima.

Mdogo wangu Swedi alikuwa anapeleka mahari kwa kina Aisha, mtaa wa juu kilimani, kule Mutanga Nord. Baba yake Aisha, Mzee Ramadhani, alikuwa mkuu wa shule kabla hajastaafu, na mpaka leo anaishi kama vile kengele iko pale mlangoni. Alitaka mambo mawili tu: saa nane tuwe getini, na mahari iwe na ng'ombe mzima anayetembea (siku hizi mjini ng'ombe wengi wamegeuka bahasha). Tukichelewa, alisema, turudi na ng'ombe wetu mpaka atakapojisikia kutuita tena, na kila mtu alijua kwamba tayari kuna mposaji mwingine alirudishwa hivyo na hajaitwa hadi leo. Swedi alimsubiri huyo binti miaka yote ya masomo yake, na wiki ile hata chakula kilikuwa hakishuki.

Ndugu wakasema tukodi Fuso itangulie na ng'ombe pamoja na makreti ya soda. Nikakataa. Mimi nauza vipuri pale mtaa wa maduka, Asiatique, nina jipe kubwa jeusi ambalo, niseme ukweli, lilikuwa bado halijaonwa na watu wa kutosha. Nikasema jipe litavuta kila kitu kwenye tela na mimi nitaongoza msafara, tufike kwa pamoja, tupendeze. Rafiki yangu Saidi, mwenye hilo tela (sisi huku tunaliita remorki), alipokuwa ananifungia akauliza, "Hamza, marche arrière ya hii unaiweza? Inageukaga upande ingine." Nikamjibu, "Saidi, sisi tunaenda kuoa, haturudi nyuma!" Watu wakacheka, nami nikajiona nimesema neno.

Basi tukaondoka, mimi mbele na kanzu yangu nyeupe, Swedi gari la pili, wengine nyuma, taa zinawakawaka, honi zinalia, jipe linapanda kilima linaguna, ng'ombe naye anajibu huko nyuma, watu wanasimama barabarani kutuangalia, na mimi roho kwatu. Tulipokaribia, nikakata kona kuingia mtaa wa kina Aisha, na hapo hapo Swedi akaanza kupiga honi ndefu. Sasa ninyi mnajua, kwetu msafara wa harusi usio na honi utadhani ni mazishi, kwa hiyo nikamjibu. Akapiga tena. Nikajibu kwa mdundo, nikatoa mkono dirishani nikapunga, na magari yote yakaitikia, ikawa ngoma kamili. Kumbe maskini ananiambia nimeingia kichochoro si chenyewe, chetu ni kile kinachofuata! Na kwa kuwa gari la mbele kwenye msafara halipitwi, wote wakanifuata kwa adabu mpaka nilipofika kwenye ukuta.

Magari ya nyuma yalirudi haraka tu. Ikabaki zamu yangu. Nikakata usukani kulia, tela likaenda kushoto. Nikakata kushoto, likaja kulia kama linataka kuniangalia usoni. Watu wakatoka majumbani, na kila mwanaume aliyewahi kushika usukani akawa mwalimu, huyu anasema "Kata yote! Yote!", yule anasema "Apana, redresse, nyoosha!", nami nawatii wote wawili, mpaka tela likalala njia nzima, gurudumu moja mdomoni mwa mtaro, na pua ya jipe ndani ya geti la mtu nisiyemjua.

Swedi akaja mbio kashika kanzu mkononi. "Kaka, we umenimaliza," akasema. Hakunitukana. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na hilo ndilo lililoniuma, afadhali angenitukana.

Ikabidi tulifungue tela tuligeuze kwa mikono, lakini lilikuwa zito, halisogei, kwa hiyo kwanza tushushe makreti. Wazee wa heshima wakavua kanzu, wakabaki na fulana, wakapanga mstari. Shangazi Mwamini akavua viatu, akajifunga kitenge vizuri, akajitwika kreti kichwani huku anasema, "Mi nilikuja kula pilau, sikukuja kufanya kazi ya bandari!" Ng'ombe, kuona hivyo, akalia kwa nguvu zake zote.

Na juu ya ule ukuta kikatokea kichwa chenye kofia ya mkono. Mzee Ramadhani! Kumbe ule ulikuwa ukuta wa nyuma wa uani kwake. Kwa desturi yetu wageni wa mahari hawaonwi mpaka wabishe getini, msemaji wao aulizwe, ajibu, wafunguliwe, na sisi tumeonwa tukiwa na fulana.

Akaangalia saa yake, akaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi. "Nyinyi ndio wageni wetu?"

"Ndiyo baba," akajibu shangazi, kreti bado kichwani, "tuko tunakuja."

Kichwa kikashuka. Swedi akaketi juu ya kreti. Mimi nikasema moyoni, Hamza, umemkosesha ndugu yako mke kwa sababu ya gari. Sijawahi kujichukia vile.

Mara tukasikia miguu. Vijana wa kina Aisha wanakuja mbio, suti zimekunjwa mikono, na bila hata salamu wakashika tela upande mmoja, sisi upande mwingine, bismillahi, likageuka na ng'ombe wake ndani.

Tukaingia getini saa nane na nusu, tunanuka jasho. Msemaji wao akaanza, "Tulisikia watu kwenye ukuta, tukasema ni wezi, lakini mwizi gani anakuja na ng'ombe?" Watu wakavunjika mbavu. Kisha Mzee Ramadhani akasimama, kicheko kikakatika.

"Nilisema saa nane," akasema, "na saa nane mulikuwa nyuma ya ukuta yangu. Siwezi kusema hamukufika. Tena nilichungulia, sikuona hata mutu mumoja amebaki ndani ya gari. Mutoto nimewapa." Swedi akainama akafunika uso. Mzee akaninyooshea kidole. "Lakini siku ya kuja kumuchukua, huyu asitangulie."

Nikaitikia amina kabla ya wote.

Tela nimeapa silivuti tena, hata liwe na mto mmoja tu wa kulalia ndani. Na siku ya harusi ufunguo wa jipe niliuacha nyumbani makusudi, nikakaa gari la mwisho, kiti cha nyuma, nimebanwa kati ya shangazi na sufuria la pilau, sina cha kuongoza wala cha kuonyesha. Aisha alipotolewa, amepambwa hata sikumtambua mara moja, alipita karibu yangu akaninong'oneza, "Shemeji, leo umepita getini?" Nikamwambia ndiyo, dada, leo nimeletwa.