Dirisha la Bafu Letu

Nikisikia harufu ya dawa ya madoa, ile tunayolowekea nguo nyeupe, mkono wangu hutafuta dirisha kabla sijafikiri. Ni tangu ule msimu wa baridi nilipokuwa darasa la nne, kwetu Naro Moru, chini ya mlima, wakati nguo zilipokaa kwenye kamba siku nzima bila kukauka na mama akaziba dirisha la bafu kwa gunia. Watu wa kwao mchumba wa shangazi Wangari walikuwa wanakuja kuleta mahari, na kila kitu kilisuguliwa. Shangazi alisema hata mbuzi akae mbali asije akaoshwa.

Choo chetu kilikuwa mle bafuni, na kilikuwa na doa la kahawia lililomwaibisha mama. Alimwaga dawa ya madoa, doa likabaki. Akaongeza asidi ya choo juu yake.

“Mama, inanuka vibaya,” nikamwambia nikiwa mlangoni.

“Ikinuka ndiyo inafanya kazi. Funga mlango, baridi inaingia.”

Nikafunga. Nilisikia brashi ikisugua, kisha kikohozi, kisha brashi ikaanguka. Nikamwita shangazi. Alimvuta mama hadi uani, macho ya mama mekundu, kifua kikipiga filimbi. Shosho, nyanya yangu, akaja mbio na kikombe cha maziwa, kwa maana kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu.

“Wacha maziwa, mama,” shangazi akamwambia Shosho. “Huyu anataka hewa.”

Hospitalini muuguzi aliuliza swali moja tu, kama tulichanganya. Akatueleza kwamba dawa hizo mbili zikikutana hutoa hewa ya sumu. Kila moja itumiwe peke yake, dirisha likiwa wazi.

Mama alirudi nyumbani na kikohozi. Msimu huo wote, nikitoka shule, nilisimama kwanza getini nisikilize. Nikimsikia akikohoa, nilitembea polepole. Kukiwa kimya, nilikimbia.

Siku hizi nasafisha vyumba katika nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Dawa ni ile ile, naichanganya na maji baridi pekee, glavu mkononi, dirisha wazi. Wageni hulalamika kuhusu baridi, nami huliacha wazi hivyo hivyo. Jioni nampigia mama simu. Sisemi kitu mpaka nimsikie akikohoa kidogo, ndipo namuuliza kuhusu dirisha la bafu.

“Liko wazi,” hunijibu. “Hata mswaki umeganda.”