Kipikipiki cha Baba Kilipotiwa Umeme

Mdogo wangu alishuka Misima akitokea Korogwe, mgongoni kabeba begi lenye mota ya umeme, nami nikachukia hata kabla hajafungua zipu. Sina haja ya kujipamba. Ulikuwa wivu.

Baba alikuwa na kipikipiki cha petroli, kifupi mno, magoti yakimfika karibu na kidevu. Ndicho alichoendea shambani na msikitini. Kiliwashwa kwa kuvuta kamba, na bega lake lilishakuwa bovu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijafungua karakana yangu ya pikipiki, nilipita kwake kumvutia ile kamba. Kikishaitika tulikiacha kingurume kipate moto, na huku tukinywa chai kwa muhogo wa kuchemsha. Baba ana watoto wengi, lakini chai ile ilikuwa yangu peke yangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu wetu alikilaza kipikipiki uani, akaifungua injini niliyoitunza kama yai, akachomelea bamba la chuma mahali pake, akafunga mota na betri.

"Kaka, nishikie hapo," ananiambia. Mimi, niliyemfundisha kushika spana!

Nilimwombea nyaya ziungue. Nikaona amekaza mnyororo kupita kiasi, nikanyamaza kimya. Akaligundua mwenyewe, akaulegeza. Nikachukia zaidi.

Baba alipanda, akabonyeza swichi, akazungusha mkono, kikaondoka bila kelele. Alizunguka uwanja akicheka, na baba yangu si mtu wa kucheka ovyo. Alipoteremka akainua mikono, akamwombea mdogo wangu dua mbele ya watu wote: Mwenyezi Mungu ambarikie mikono yake, amfungulie milango ya riziki. Tukaitikia amin. Nami nikaitikia, maana nani atabana mdomo kwenye dua ya mzazi wake? Lakini miaka yote ya kuvuta kamba, mimi niliambiwa tu, "Haya, chai inapoa."

"Sasa umepumzika, mwanangu," baba akanigeukia. "Hutahangaika tena kuja asubuhi."

"Kweli, mzee, nilikuwa nachoka," nikajibu. Uongo mtupu. Ningehangaika mpaka siku ya kuzikwa mmoja wetu.

Mdogo wangu akarudi kwake Kwamndolwa, kulekule Korogwe. Injini aliniachia ndani ya kiroba, eti nitoe vipuri. Ijumaa baba alipita mbele ya karakana akienda kuswali. Sikumsikia, nilipoinua kichwa niliona kanzu tu ikiishilia kwenye kona. Asubuhi zangu nazo zikawa ndefu, sijui pa kuzipeleka, na kwenda kwa baba mikono mitupu, kukaa tu kama mgeni, nikaona haya.

Siku moja hasira ikanipanda. Nikaitoa ile injini kwenye kiroba, nikaibana mezani, nikaitia petroli kidogo, nikavuta kamba. Ikaitika palepale.

Mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara alisikia mngurumo ule aliouzoea wa kipikipiki cha baba. Akasimama upesi, akajitengeneza mtandio, akachagua chane iliyoiva vizuri na kuiweka pembeni, huku akitazama njia ya kutokea nyumbani kwetu.

"Baba yako huyo anakuja!" akanipigia kelele.

"Haji, mama," nikamjibu.