Kadi ya Chini Kabisa

Kwa miaka ishirini na tisa Mama Kadi alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi ya zahanati, akiandika kadi za wagonjwa kwa mwandiko uliomtia daktari wivu. Mtindo wake wa kupanga hakufundishwa na mtu. Mwenye homa, juu. Mtoto anayetapika, juu zaidi. Mzee anayesema halali, hana hamu ya kula, amechoka tu basi, huyo alimwandikia neno moja, "uzee", akaisukuma kadi chini kabisa ya rundo. Daktari alipoifikia, muda wa kufunga ulishabisha hodi. Mzee akapewa vidonge vya vitamini na pole. Mama Kadi hakuwa na roho mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na foleni.

Kisha ukaja mwaka ule. Mwezi wa pili akastaafu, akazawadiwa saa ya ukutani. Wa tano mumewe akaanguka bafuni, asiamke tena. Wa tisa kitindamimba wake akaolewa nchi ya mbali. Majirani walimsifu kwa kujikaza, maana hakulia. Hawakujua kwamba anashinda kitandani, gauni lile lile siku ya nne, na saa bado imo ndani ya boksi lake. Binti akipiga simu anajibiwa, "Mzima kabisa, mwanangu," kisha nyumba inarudia kimya chake. Upweke ulimkaba hasa.

Siku alipohesabu akakuta ni siku tisa hajaonana na mtu, alijikokota bafuni, akaoga, akaenda zahanati. Dirishani alikuwepo dada aliyemrithi kiti, mwanafunzi wake mwenyewe.

"Shikamoo mama. Umetupotea kweli."

"Marahaba. Nipo tu."

"Haya, shida nini?"

"Silali. Chakula hakishuki. Nimechoka tu."

"Ah, mama, umri nao huo," dada akasema kwa upendo mtupu. Akaandika neno moja, akaisukuma kadi chini ya rundo.

Mama Kadi aliujua msukumo ule. Kwa aibu akatafuta pa kukaa. Kwenye benchi la mwisho, fundi viatu mzee, mgonjwa wa miaka mingi pale, alisogea kumpisha.

"Karibu huku nyuma," akasema. "Siku nyingine uje na mto. Tunakaa sana."

Mama Kadi alicheka kidogo, akamgeukia. Alimkumbuka vizuri.

"Baba, wewe ulikuja ukasema hulali. Mwaka aliofariki mkeo."

"Na banda langu la kazi likaungua mwaka huo huo."

"Sikujua."

"Hukuniuliza, mama." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mama Kadi akainuka, akarudi dirishani. "Nipe kadi yangu, na ya yule baba. Na kalamu."

Dada akampa bila kubisha, kwa mazoea ya zamani. Kwenye yake alikata "uzee", akaandika: nimeacha kazi, nimefiwa na mume, mtoto ameondoka, yote mwaka mmoja. Mwandiko ukaenda upande. Kisha akarudi kwenye benchi, akaiweka kadi ya fundi viatu juu ya paja.

"Haya, baba. Ilianzaje?"

Mzee akakohoa, akaanza kueleza taratibu, tangu asubuhi ya kwanza aliyoamka peke yake. Hakufika mbali. Mama Kadi alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu afiwe.