Mnatazama Kelele

Jirani wa akina Halimah huko Makindye, fundi mstaafu wa ndege za kivita, hasikii ngurumo ya ndege angani akatulia. Watu wakitazama inakotoka sauti, yeye hunyoosha kidole mbele kabisa ya sauti hiyo. "Mnatazama kelele! Ndege imeshafika Port Bell, kule ziwani." Kisha hufuta mikono kwenye suruali, ingawa ni safi.

Baada ya maziko ya kaka yake Jibril, Halimah alimwambia fundi huyo kwamba anaogopa kilio chake kikubwa kinamtesa marehemu kaburini. Fundi akafuta mikono.

"Mwanangu, ndege ikiupita mwendo wa sauti, rubani hasikii kelele ya nyuma. Na Jibril alikuwa na haraka tangu utotoni! Ameshafika kwa Mola. Kilio chako kinatusumbua sisi majirani tu."

Halimah aliangua kicheko, majirani wakachungulia.

"Mnatazama kelele!" fundi akawafokea, kidole kikielekea mbinguni.