Msomaji wa Utabiri Aliyempigia Mama Simu

Jumatatu asubuhi mama yangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Ntobeye, Ngara. “Yule binti wa mvua ametutoka,” alisema. Alikuwa akimzungumzia mtangazaji aliyetusomea utabiri wa hali ya hewa katika redio ndogo ya jamii. Aliugua muda mfupi, na wamemzika kwao Nyabusozi. Wasomaji wa mbali hawakumsikia, maana redio ile haikufika mbali zaidi ya Ngara na Biharamulo. Mimi nilimfahamu kwa sababu mama aliwahi kumfuata kumgombeza.

Ulikuwa mwanzo wa vuli. Utabiri wa siku chache ulisema mikoa ya Kanda ya Ziwa ingepata mvua, naye akausoma kama ulivyoletwa. Mama akapanda mbegu yake yote ya maharage. Mvua ikanyesha kwingine. Kwetu jua likawaka mpaka mbegu zikafia ardhini. Mama akanichukua, tukaenda hadi kituoni. Binti akasimama na kumpisha kiti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyesema mvua itanyesha?”

“Ni mimi.”

“Kwangu haikunyesha. Ukisema Kanda ya Ziwa, nitajuaje kama Ntobeye imo?”

Nilidhani atajitetea kwamba yeye ni msomaji tu, na angekuwa na haki. Badala yake akajibu: “Hata mimi sijui, mama. Pole sana. Nipe namba yako, niwe nakuuliza.”

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kusoma alimpigia mama, kisha mkulima mmoja wa Murukulazo na mwingine wa Nyabusozi. Hewani alianza na ya jana: “Tulisema mvua. Murukulazo imenyesha, Ntobeye hata tone.” Ndipo akasoma utabiri mpya, akikumbusha kwamba unaweza kukosea. Wenzake walimwambia anaivunjia redio heshima. Hakuacha. Mama naye, aliyekuwa ameapa kutosikiliza tena, akajifunza kupanda nusu ya mbegu na kuhifadhi nusu. Vuli iliyofuata mvua za kwanza zilikatika, jua likaunguza alichopanda. Mvua ziliporudi na kutulia alipanda ile nusu iliyobaki, na ndiyo tuliyokula.

Nchi yetu ni kubwa, na anayeitabiria yote kwa sentensi chache hawezi kulijua kila shamba. Simlaumu. Ninachomshukuru marehemu ni kwamba alirudi kwetu kila siku kutueleza maneno yake yaliishia wapi. Sisi waandishi wa safu, pamoja na wanaopanda majukwaani, tunapenda sana kuizungumzia kesho, na ikishapita hatugeuki nyuma. Anayewaambia watu kesho itakuwaje ana wajibu wa kurudi kwao, kuwauliza ilikuwaje, na kukaa asikilize jibu lao hata likiwa chungu.