Benedetta na Ukurasa wa Kufuta Vidakuzi

Benedetta Among alizaliwa Malaba, akakulia kwenye nyumba ambayo honi za malori zilisikika hata wakati wa sala. Alisomea ualimu wa Kiingereza, akakosa shule ya kufundisha, akaishia ofisi ya Mzee Omuse, wakala wa mizigo mpakani. Huko alijaza kwenye mtandao maombi ya wateja ya kuvusha mizigo. Hakuipenda sana hiyo kazi, ila aliifanya kwa makini.

Mwaka jana Quinton, fundi wa kompyuta wa ofisi, alileta programu ya akili bandia. Programu ilifungua kivinjari yenyewe, ikaingia kwenye tovuti kwa jina la mteja na kujaza maombi kama mtu aliyekaa kitini. Wafanyakazi wakaibatiza Boss Mpya. Foleni ya wateja mlangoni ikapungua, na Mzee Omuse akawa anatembea akitabasamu.

Halafu asubuhi moja yenye joto kali, Mama Roselyn aliingia ofisini akipiga kelele. Lori lake la vifaranga waliokuwa wakipelekwa Tororo lilikuwa limezuiwa, kwa sababu ombi lake, lililojazwa na Boss Mpya, lilitoka kwa jina la mfanyabiashara wa simiti aliyehudumiwa kabla yake.

"Vifaranga wangu mmewaandika simiti!" alisema. "Nani amewahi kusikia simiti ikilia?"

Benedetta hakungoja kuambiwa. Alijaza ombi jipya kwa mkono, akakimbia nalo mwenyewe kwa maafisa, akawasihi hadi lori likapita. Vifaranga walivuka wakiwa hai. Aliporudi, jasho likimtoka, alimkuta mzee akimwambia Quinton aing'oe ile programu.

"Lakini amri ya kufuta vidakuzi niliiweka, mzee," Quinton alilalamika.

Vidakuzi ni alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari ili ikutambue ukirudi. Zisipofutwa, mteja anayefuata huonekana kama yule aliyetangulia. Benedetta aliomba aonyeshwe maelezo ya hiyo amri. Kifaa ambacho programu ilikitumia kuendesha kivinjari kilikuwa cha bure, kimetengenezwa na watu wa nchi mbalimbali, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja tu: amri hii hufuta vidakuzi.

"Vya wapi?" aliuliza.

Quinton alimtazama. "Vya... vyote, nadhani."

"Usidhanie tu, Quinton. Tujaribu."

Wakafungua akaunti za majaribio, wakajaribu mpaka chai ikapoa mezani. Jibu likajitokeza. Amri ilifuta vidakuzi vya tovuti iliyokuwa wazi wakati huo, basi. Lakini ofisi yao iliingia kwanza kupitia tovuti nyingine ya kuthibitisha jina, na huko kidakuzi cha mteja wa zamani kilibaki salama salimini. Programu ikirudi, ilifunguliwa mlango kwa jina lile lile.

"Kumbe inafanya kazi yake!" Quinton alipiga meza. "Ni sisi tulikuwa tunaiamini bila kuielewa."

Walirekebisha: futa huku, futa na kule, kisha hakikisha hakuna jina linaloonekana kabla ya kuanza kazi ya mteja mpya. Mzee Omuse alisimama nyuma yao akiangalia wateja wa majaribio wakipita bila kuchanganyika. "Iacheni," akasema.

Kwa Benedetta, haikuishia hapo. Kule nje kuna ofisi nyingine zinazosoma sentensi ile ile. Aliandika ukurasa mzima kwa Kiingereza: amri inafuta nini, inaacha nini, utajuaje kama imefaulu. Akautuma kwa watengenezaji wa kile kifaa. Msimamizi mmoja akajibu kwamba ni mrefu mno, mistari michache ingetosha.

Benedetta akajibu: "Mistari michache ndiyo iliyozuia lori letu. Niambie sehemu isiyo ya lazima, nitaiondoa."

Msimamizi aliusoma tena. Hakuona ya kuondoa. Ukurasa ukapokelewa, jina la Benedetta Among likaandikwa chini yake, na baada ya muda wakamwajiri aandike mwongozo wote. Wakamkubalia pia toleo la Kiswahili.

Siku ya kusaini mkataba alipitia nyumbani. Mama yake alikuwa akianika mihogo uani.

"Sasa hii kazi ni ya kufanya nini?" mama aliuliza.

"Kueleza mashine kwa watu, mama. Na wanaosoma wako dunia nzima."

"Kwa hivyo ni mwalimu!"

Benedetta alitaka kueleza zaidi, akaona hakuna haja. "Ndiyo, mama. Mwalimu."

Mama akatupa kipande cha muhogo, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini.