Fundi wa Vikombe na Masikio ya Kinyozi

Waimbaji huimba ili wapate vikombe. Fundi huyu huimba ili vikombe vipate majina. Mwaka wa kumi na nne sasa anachonga majina kwenye vibati vya shaba vinavyogundishwa kwenye vitako vya mbao vya vikombe vya tuzo za muziki, na kazi ya kimya haijui. Akishika jina la mshindi, huimba wimbo wake puani, patasi ikifuata mapigo. Mafundi wa herufi nimewaona katika miji mingi, wengine wanavuta sigara, wengine wanatukana. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akichonga huku mabega yanacheza.

Tabu ni jirani. Kati ya karakana na kinyozi kuna ukuta wa mbao nyembamba tu, na kinyozi ana masikio ya sungura. Mwaka jana, wiki nzima kabla ya sherehe, kila aliyekwenda kunyolewa alitoka na kichwa cheupe na majina ya washindi wote.

Kwa hiyo safari hii katibu wa tuzo alipoleta orodha na vibati kumi na viwili, hakuketi hata kidogo.

"Fundi, tunakuheshimu. Lakini siri ikitoka tena, kazi tunampa mwenye mashine ya kuchonga."

"Mashine haijui kuimba, mama."

"Ndiyo uzuri wake."

Fundi akajaribu kunyamaza. Patasi ikamgomea kama punda. Mkewe, ambaye kazi yake ni kung'arisha vikombe, akamhurumia, akamnong'oneza.

"Baba Pacha, wewe imba tu. Jina la huyu, wimbo wa yule. Mwache kinyozi atafune upepo."

Ikawa hivyo. Vibati kumi na kimoja vikaenda salama, na ng'ambo ya ukuta mkasi ukasikika ukisimama kila wimbo ulipoanza. Kikabaki cha Msanii Bora wa Mwaka. Mshindi alikuwa Chiriku, yule binti mwenye sauti nyembamba. Fundi akachagua wimbo wa hasimu wa binti huyo, Gharika, wenye kiitikio kinachonasa kama ulimbo. Akaimba. Akanogewa. Mabega yakacheza. Alipopuliza vumbi la shaba, kibati kikasomeka: GHARIKA.

"Mama Pacha!"

Mkewe akaja, akasoma, akakaa chini.

"Mkono umefuata mdomo," fundi akanong'ona.

"Mkono wako kama mwenyewe. Ukiitwa tu, umekwenda."

Kibati cha ziada hakikuwepo, na kumpigia katibu kuomba kingine ilikuwa sawa na kuiita mashine. Mkewe akakigeuza kile kibati, akakipangusa mgongo, akamwambia sikioni.

"Huku si kutupu? Basi chonga hapa. Gharika atazame ubao."

Bahati shaba ilikuwa nene. Fundi akachonga CHIRIKU upande wa pili, akiimba wimbo wa kubembelezea watoto, maana mdomo wake alikuwa hauamini tena. Gundi ikafanya yaliyobaki.

Jumamosi alasiri, siku ya sherehe, kwa kinyozi kulijaa watu mbele ya televisheni. "Ni Gharika," kinyozi akawaambia, "nisipewe wembe tena nikikosea." Akaitwa Chiriku. Binti akapanda jukwaani, akakibusu kibati, na wateja wote wakamgeukia kinyozi, mmoja akiwa na povu shavuni.

Huku karakana, katibu alikuwa ameshapiga simu: safari hii hakuna aliyejua, na mwakani kazi ni ya fundi. Hata fundi hajaweka simu mezani, kinyozi akaingia na brashi mkononi.

"Umeniaibisha, jirani!"

"Kwani shemeji ulikuwa unanyoa au unatusikiliza?" mke akauliza.

"Nilisikia wimbo, nikasikia na patasi! Masikio yangu hayadanganyi. Jina la Gharika limechongwa humu ndani, tena kwa raha!"

Mume na mke wakatazamana. Kinyozi hakuwahi kusema kweli tupu namna ile.

"Umekosea, jirani," fundi akasema kwa upole, akamvutia kiti.